Mlango Ulionunuliwa Mara Mbili

Mwanzoni Léoncie alicheka. Mwanamke aliyekuwa akizungumza ndani ya spika alikuwa anawaita watoto waje kula, na aliwaita “bakubwa bangu,” vilevile kama Léoncie anavyowaita wake watatu. Akamgusa mumewe kwa kiwiko.

“Huyu ananiiga,” alimnong’oneza. Ntirenganya akatabasamu bila kugeuza shingo.

Walikuwa wasikilizaji kumi na wawili katika sali, yaani ukumbi wa paroki, Mabanga mjini Goma, kila mtu na soda yake, kalamu yake, na karatasi yenye nyuso tatu zilizochorwa: mmoja unacheka, mmoja umenyamaza, mmoja unalia. Kifuani walibandikwa namba ili asitajwe mtu jina. Ntirenganya alikuwa saba, Léoncie nane. Majina yao hayakuwemo kwenye orodha ya kwanza. Mume na mke waliotakiwa kuja walipatwa na msiba, na asubuhi hiyo katibu wa shirika lao la kanisani akapita kwao mbio: nendeni ninyi, mtakunywa soda, na nauli mtapewa.

Madame Henriette, mwenye nyumba ya kutengeneza michezo ya redio, alikuwa amewaeleza kabla ya kuanza. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye miwani iliyoning’inia kifuani kwa mnyororo.

“Muchezo huu haujapita bado kwa radio,” alisema. “Ninyi njo kilo yetu, kwenu tunaupima. Mahali munachoka, muandike. Mahali munasikia uongo, muandike. Hakuna jibu baya.”

Nyuma kabisa, kwenye meza ya mashine, alikaa Henri, kijana wa Butembo aliyepanga chumba cha uani kwao. Léoncie alimpungia mkono kwa fahari, kama mama anayemwona mwanawe akitumikia altareni. Henri aliinamia nyaya zake. Ana kazi, Léoncie alijisemea.

Mchezo ukaendelea. Jioni ya Jumamosi, mwezi wa tano, mwaka wa 2021. Watu wanapiga kelele barabarani kwamba mlima wa moto umepasuka. Mwanamke wa redio, aliyeitwa Mama Rehema, yuko peke yake Munigi na watoto watatu. Bwana yake yuko safarini. Mkekani amelala mamamkwe ambaye miguu yake imekufa tangu mwaka uliotangulia. Tabasamu la Léoncie likaanza kumganda mdomoni. Aliweka soda chini. Kisha akaisikia sauti ya kikongwe, sauti iliyotafutwa vizuri, yenye kikohozi kidogo kabla ya kila neno.

“Peleka batoto kwanza. Lava haikimbii, inatembea sawa mwanamuke wa mimba. Lakini ufunge mulango vizuri, weka kadenasi. Mwaka wa 2002 wezi balibeba mpaka mulango. Nikaukuta kwa soko umeegemea ukuta, nikanunua mulango wangu mwenyewe kwa mwizi. Na akanipunguzia bei, ati mimi ni kliyanti muzuri.”

Sali nzima ikacheka. Muzee Mulumeoderhwa, namba tatu, alipiga paja. Wivine, muuza samaki wa sambaza aliyekuwa namba tano, alisema kwa sauti kwamba yeye naye alinunua sufuria yake hivyohivyo.

Ntirenganya hakucheka. Hakuna harusi wala kilio cha ukoo wao ambapo mama yake, Nyirakamana, hakuisimulia habari ya mlango ule. Alipohamia Buhene alihama nao, akautia rangi ya kijani, na kila mgeni alioneshwa tundu la msumari ambalo mwizi aliongeza. Ntirenganya aliweka kalamu juu ya karatasi, akaisawazisha polepole mpaka ikalala sambamba na ukingo. Mkewe alimjua. Ndivyo afanyavyo mikono yake inapotaka kufanya kitu kingine.

Ndani ya spika, mwanamke alifunga kadenasi. Ilisikika vizuri sana, kufuli likibana, chuma juu ya chuma. Akabeba mtoto mmoja mgongoni, akashika wawili mikono, akamwambia kikongwe kupitia mlangoni kwamba atarudi na tshukudu, kile kigari cha mbao, kumbeba. Kisha mbio, kelele, na muziki. Aliporudi, njia ilikuwa imekatwa na moto.

Henri akazima mashine.

Neno lile lilikuwa lake mwenyewe, na Léoncie alikuwa amelisema mara moja tu maishani mwake, uani, mbele ya mbabula ya makaa, mwezi wa pili mwaka huu. Mabomu yalikuwa yakisikika kutoka upande wa Sake, ambako waasi walikuwa wamekaribia, na Ntirenganya alikuwa anataka kwenda hukohuko kwa miguu, kuangalia kaburi la mama yake lisije likalimwa na mitaro ya wanajeshi. Kaburi halikuwa la mama yake. Siku ile ya mlima Ntirenganya alikuwa Bunagana, kwenye kazi yake ya kusaidia watu wa forodha, na alipofika siku ya tatu Léoncie alimwambia mama alifia njiani, akazikwa Sake na watu wasiojulikana. Akamwonesha kilima kimoja cha udongo. Mwanamume akalia pale, akasimika msalaba, na kila mwezi wa tano akaenda na maua.

Sasa alitaka kwenda kufia juu ya kilima hicho, na Léoncie hakuwa na mtu wa kumuuliza. Alikuwa na Henri. Henri aliyemsaidia kuchagua maharagi, aliyemfundisha Munezero, binti yake mkubwa, hesabu za kugawanya, aliyemwambia kwamba mama yake mwenyewe alichukuliwa na wauaji huko Beni na hakuuona mwili wake. Alilia alipokuwa akisema. Mtu aliyelia mbele yako umekwisha kula naye. Basi Léoncie akamfungulia yote, mpaka habari ya mlango, na mwisho akamuuliza swali moja tu: “Mwanangu, nimuambie bwana yangu ao ninyamaze?”

“Ungoje kwanza, Mama Munezero,” alisema Henri. “Usimuambie. Wakati wake utafika.”

Akangoja. Ntirenganya alizuiwa na mabomu, si na mke.

*

Madame Henriette alivuta kiti, akakaa mbele yao kwa furaha ya mtu aliyepika na kuona watu wanalamba vidole.

“Bon. Huyu Mama Rehema, munamuonaje?”

“Muchawi,” alisema Wivine. “Mamamkwe alikuwa muzigo, mulima ukamusaidia kuutua.”

Watu wakacheka.

“Wee, usiseme vile,” alisema muzee Mulumeoderhwa. “Mimi nilikuwa hapa 2002. Lava ilitembea polepole kweli. Tuliitangulia na vitanda juu ya kichwa. Na wezi balikuja nyuma, balibeba mpaka mabati. Kila mutu hapa angefunga. Hata wewe.”

“Mimi ningemubeba, muzee.”

“Na batoto watatu? Ungemubeba na meno?”

Wakacheka tena. Madame Henriette aliandika haraka. Léoncie alikuwa ameikunja karatasi yake mara nne, na alikuwa anaikunja ya tano. Alitaka kusimama, lakini kusimama kungekuwa kusema.

“Papa namba saba,” alisema Madame Henriette. “Wewe hujasema kitu.”

Ntirenganya aliinua macho. “Niko na swali.”

“Uliza, papa. Maswali njo tunatafuta.”

“Bwana ya huyu mwanamuke. Aliporudi safari, bibi alimuambia nini?”

“Aa, papa,” alisema Madame Henriette akitikisa kidole, “hiyo iko kwa episode ya pili.”

“Uniambie.”

Alisema kwa adabu sana. Kule nyuma kiti cha Henri kililia juu ya saruji. Madame Henriette aliangalia saa yake, akaangalia wasikilizaji wake walivyonyoosha shingo, na akashindwa kujizuia. Hadithi nzuri ni kama pilipili mdomoni, mtu hawezi kukaa nayo kimya.

“Anamudanganya,” alisema. “Anasema mama alikufia kwa njia, akamuzika Sake. Na bwana anamwamini. Kila mwaka anapeleka maua kwa kaburi ya mutu asiyemujua.”

Kikatoka kicheko ambacho hakikuwa kibaya. Kilikuwa cha huruma, kicheko cha watu wanaomwona jirani amevaa shati kinyume.

“Maskini,” alisema Wivine, akifuta macho. “Mwanaume mujinga vile! Labda iko kaburi ya mwizi wa mulango.”

Hapo hata muzee Mulumeoderhwa alishindwa, akacheka hadi akakohoa. Ntirenganya naye alionesha meno. Léoncie aliyaona meno yale na akatamani mumewe ampige kofi mbele ya watu wote.

“Sasa kitu hiki,” alisema muzee alipopata pumzi, “munakitunga wapi? Kichwa cha mutu mumoja?”

“Hatutungi hewani,” alisema Madame Henriette, na hapa alikaa wima, maana hili ndilo lililompa fahari. “Tunafanya utafiti. Mutu anaweza kuja na dictaphone akuulize maswali, na wewe utamupa majibu ya kumufukuza. Sisi tuko na njia yetu. Mutafiti wetu alitafuta familia iliyotoka upande wa Buhene, akapanga chumba kwao. Miezi sita. Anakula nao, anabeba nao maji. Mwezi wa kwanza haulizi kitu, anaangalia tu. Anaandika vile mama anaita batoto, vile anapuliza moto. Ile sauti mumesikia, muchezaji aliisoma kwa kaye, daftari ya huyu mutafiti. Njo sababu munaona ni kweli.”

Aligeuka nyuma ili awaoneshe kijana mwenyewe, wampigie makofi. Kiti cha Henri kilikuwa kitupu. Mlango wa nyuma wa sali ulikuwa wazi na jua la saa tisa lilikuwa limeingia mpaka kwenye nyaya.

“Ana haya,” alisema Madame Henriette. “Batu ba Butembo ni vile.”

Akawakumbusha kujaza karatasi. Ntirenganya alishika kalamu, akaziangalia nyuso tatu kwa muda mrefu. Madame Henriette aliinama juu ya bega lake. “Weka alama moja tu, papa. Vile ulijisikia.”

“Haiko hapa,” alisema Ntirenganya.

“Basi weka inayokaribia.”

Akaweka alama kwenye uso ulionyamaza, akarudisha kalamu kwa mikono miwili. Mlangoni kila mmoja alipewa bahasha ya nauli na kusainishwa. Alisaini. Léoncie alisaini chini yake, na mwanamke wa bahasha akamshukuru kwa mchango wake.

Walitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mke nyuma, juu ya mawe meusi ya mtaa. Njiani Ntirenganya alimsalimia kila aliyemsalimia.

*

Henri alikuwa anafunga begi. Mkeka ulikuwa umekunjwa, na juu ya meza kaye tano zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi. Léoncie alisimama mlangoni mwa chumba, akaujaza.

“Unaenda wapi?”

“Mama Munezero, nilikuwa nitakuambia.”

“Unaenda wapi, nimeuliza.”

“Kwa rafiki. Ndosho.” Henri hakuacha kukunja shati lilelile. “Mama, nilibadilisha jina. Nilitoa Buhene, nikaweka Munigi. Sikusema Bunagana mahali popote. Hakuna mutu wa Goma angejua. Ninyi hamukuwa kwa liste. Niliangalia liste jana mangaribi, nilihakikisha.”

“Na mulango?”

Henri aliushika uzi wa kaye, akaukaza.

“Ulibadilisha Buhene. Ulibadilisha jina. Mulango ulishindwa na nini?”

“Ule mulango, Mama.” Sauti yake ilishuka. “Niliutoa mara mbili. Kila mara niliutoa, mukongwe alikuwa anakufa, anabaki mugonjwa tu wa kwa mukeka. Nikiurudisha, anakuwa mutu. Batu banamupenda. Uliwasikia banamucheka na kumupenda.”

Kwa dakika moja Léoncie alielewa, na hilo lilimuuma kuliko uongo. Kijana alikuwa amempenda kweli Nyirakamana, ambaye hakupata kumwona. Alimpenda vile fundi anavyopenda mbao nzuri.

“Ulinipa na karatasi nisaini,” alisema. “Ulisema ni ya mwenye kazi, juu ya nyumba ya kupanga.”

“Iliandikwa yote humo.”

“Iliandikwa Kifaransa.”

Nje, watoto walikuwa wanagombania ndoo. Léoncie aliingia hatua moja.

“Nilikuuliza kitu kimoja. Sikukuomba muchezo, sikukuomba radio. Nilikuuliza: nimuambie ao ninyamaze? Ukasema ningoje. Ulikuwa unaniwazia mimi?”

Henri aliketi juu ya begi lake. Uso wake ulikuwa wa mtoto mdogo, na Léoncie aliuchukia kwa sababu bado ulimtia huruma.

“Kama ungemuambia,” alisema Henri, “hadithi ingeisha mwezi wa pili. Madame alitaka episode kumi.”

“Episode kumi.”

“Nilisema nikimaliza, nitakusaidia kumuambia. Kweli, Mama. Niliandika hata vile tungefanya.”

“Uliandika.” Léoncie aliiangalia ile meza. “Na mama yako wa Beni? Yeye naye uliandika?”

Kijana alifuta uso kwa shati alilokuwa akilikunja.

“Mama yangu iko Butembo,” alisema. “Anauza chai kwa paking ya magari. Ile habari ni ya mama mumoja nilimuuliza mwaka juzi. Ni kweli, Mama, ilimufikia yeye. Banatufundisha: ukitaka mutu afungue, fungua kwanza wewe.”

“Basi ulifungua kwa ufunguo wa mutu mwingine.”

Hakumtukana. Baadaye alijilaumu kwa hilo, maana matusi alikuwa nayo, ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, ya kutosha kumsindikiza hadi Ndosho. Alisogea tu pembeni. Henri alipita na begi begani na kaye zake kifuani. Pale uani alisimama mbele ya Ntirenganya, akafungua mdomo.

“Muzee,” alisema.

“Safari njema,” alisema Ntirenganya.

*

Ntirenganya alikuwa amekaa juu ya bido tupu, dumu la maji, mgongo ukutani, viatu vya kwendea paroki bado miguuni. Aliwatuma watoto kwa jirani. Munezero alitaka kuuliza kitu, akamwangalia baba yake, akawavuta wadogo zake kwa mikono.

“Kaa,” alisema.

Léoncie akakaa juu ya kigoda cha kuchambulia maharagi. Kati yao mbabula ilikuwa na majivu ya asubuhi.

“Papa Munezero, nilitaka…”

“Sikukuuliza ulitaka nini.” Hakupandisha sauti. “Leo nimesikia kifo cha mama yangu katikati ya batu kumi na soda kwa mukono. Muuza sambaza amekisikia kabla yangu. Yule mama wa miwani amekisikia, mwanamuke wa kucheza amekisoma. Kijana nilimupa chumba, alikijua miezi ine akinisalimia asubuhi. Batu bote ba Goma, Mama Munezero, na mimi niko wa mwisho.”

“Niliogopa.”

“Najua uliogopa. Kwa muchezo walisema vile.” Akavuta pumzi. “Sasa uniambie wewe. Hapa hakuna mashine.”

Léoncie aliweka mikono mapajani. Miaka mitatu alikuwa amelibeba neno hili kama mtu anayebeba maji ya moto, akitazama kila hatua. Sasa aliamrishwa kulitua.

“Mbingu ilikuwa nyekundu,” alianza, “sawa mutu amefungua tanuru. Batoto balikuwa banalia, mimi nikasema, Mungu wangu, nishike nani, niache nani…”

“Hiyo nimeisikia.”

Ni kweli. Jioni ile yeye hakuitazama mbingu hata mara moja. Alikuwa anatafuta kiatu cha pili cha mtoto. Lakini kiatu kilikuwa kimepotea kichwani mwake, na mahali pake palikuwa na tanuru ya mwanamke wa redio.

Akajaribu tena. “Mama aliniambia nipeleke batoto kwanza. Alisema lava haikimbii…”

“Nimeisikia na hiyo.”

“Lakini njo vile alisema!”

“Nimeisikia.”

Kila neno aliloinua lilikuwa limekwisha vaa sauti ya yule mwingine, na kikohozi cha yule kikongwe wa kukodiwa. Hata machozi yalipokuja alihisi yanamjia mahali palepale yalipomjia mwanamke wa spika, baada ya kadenasi, kabla ya muziki. Alijiona anaigiza. Na mumewe, aliyemjua tangu akiwa binti wa Rutshuru mwenye kibuyu kichwani, alikuwa anamtazama kama namba saba.

Alitafuta. Alipitia jioni ile yote, kama mtu anayerudi katika nyumba iliyoibiwa, akipapasa mahali kila kitu kilipokuwa. Henri alikuwa amepita kila chumba. Kilibaki kitu kimoja, kwa sababu hicho hakumpa Henri. Hakumpa hata padri. Alikuwa amekificha mbali hadi yeye mwenyewe siku nyingine alidhani hakikutokea.

“Aliniita,” alisema.

Ntirenganya akageuza uso kwake.

“Nilikuwa nimeshafika kwa njia, pale kwa kona ya muti mukubwa. Mutoto alikuwa anateleza mugongoni. Nikasikia ananiita. Hakusema Mama Munezero, vile aliniita siku zote. Alisema Léoncie.” Sauti yake ilikuwa kavu, mbaya, haikufaa kwa redio. “Mara ya kwanza nikasema labda ni jirani. Mara ya pili nikajua. Nilijua amegeuza roho, anataka nirudi. Na nikaendelea, Papa Munezero. Sikusimama. Nilifunga maskio na nguo ya mutoto, nikaendelea.”

Alingoja.

Mumewe alikuwa ameinama, viwiko magotini, anatazama majivu. Hakusema kwamba hiyo ameisikia.